Pindo la Kizibao

Gamba la chumvi lilipasuka bila kishindo. Gurudumu la mbele la kushoto lilizama kwanza, likafuata la kulia, na pikapu ikainamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Dada Chuma akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, yakarusha tope jeusi hadi juu ya paa, na gari likakalia tumbo.

"Acha kukanyaga," mdogo wake alisema. "Unalichimbia kaburi."

"Nani anaendesha hapa?"

"Hakuna anayeendesha, dada. Tumekwama."

Aliyepaswa kuendesha ni dereva, na dereva alikuwa ameachwa kwenye kituo cha mafuta akiwa na sahani mkononi. Dada Chuma alikuwa amemwambia amalize kula kabla tangi halijajaa. Tangi lilijaa, sahani ikawa bado ina chakula, basi Dada Chuma akaketi kwenye usukani na kuondoka. Mdogo wake alimwona kwenye kioo yule mwanamume akikimbia nyuma yao, akipunga mikono yote miwili na kupiga kelele. Alipomwambia dada yake asimame, dada yake alicheka. Hapo hapo akaiacha barabara inayozunguka na kukata katikati ya uwanda wa chumvi, kwa sababu shule ilikuwa ng'ambo, na sweta za wanafunzi zilitakiwa kufika kabla ya muhula kuanza. Zikichelewa, mwakani kazi ingepewa karakana nyingine.

Sasa uwanda ulikuwa umewazunguka pande zote. Zamani lilikuwa ziwa. Maji yalikwisha, ikabaki chumvi, nyeupe, ngumu juu na laini chini, bila mti wala jiwe. Mbele kabisa ilionekana milima ya buluu, midogo kama vipande vya kitambaa vilivyodondoka chini ya meza ya kukatia.

Hawa walikuwa ndugu wa tumbo moja, na katika karakana ya ushonaji hakuna aliyewaita majina yao. Mkubwa aliitwa Chuma kwa sababu hakuna kilichomuumiza. Aliwahi kuushika uso wa pasi ya moto kwa kiganja akidhani imezimwa, akaendelea kumfokea fundi wa vifungo. Hakuwahi kuugua, hakuchoka, hakusikia njaa. Mdogo aliitwa Plasta. Kila siku alikuwa na kidonda kipya. Alikuwa na lengelenge kiganjani, goti lililochubuka, kikohozi, homa, kichwa. Mafundi walimtania kwamba duka la dawa la mtaani linamtegemea. Dada Chuma alimtania kuliko wote. "Huyu ukimpulizia, anavunjika," alisema mbele ya wateja.

Kuwa kwao hivyo ni kazi ya mama yao, na ilikuwa kazi mbaya iliyofanywa kwa upendo, ambayo ndiyo ngumu zaidi kuifumua. Mama yao alikuwa fundi wa aina ambayo siku hizi hakuna. Alishona mifuko isiyotoboka na mapazia yanayozuia ndoto mbaya. Binti yake wa kwanza alipozaliwa na moyo mbovu, akamshonea kizibao kidogo cha pamba, bila mikono, cha kuvaliwa ndani ya nguo. Kila fundi hulamba ncha ya uzi kabla ya kuupitisha kwenye tundu la sindano. Mama alilamba uzi ule, akashona pindo, na tangu siku hiyo kila baridi, kila kiu, kila maumivu yaliyomjia mtoto yalimpita yeye na kutua kwa aliyelamba uzi. Kizibao kilikua pamoja na mtoto. Pindo lililegea kila mwaka, na kila mwaka mama alilishona upya. Alikufa kabla nywele zake hazijapata mvi. Kitandani alimpa binti yake mdogo sindano na uzi na kumwambia alambe. Mdogo alikuwa na kimo cha meza. Akalamba.

Dada Chuma hakujua. Mama alikuwa amemkataza kukivua kizibao, hata kwa kuoga, naye alitii bila kuuliza; kila mwaka, pindo likilegea, aliinua shati mbele ya mdogo wake lishonwe kikiwa mwilini. "Nitengenezee hili, linafumuka." Ndivyo tu.

"Tubaki na gari," Plasta alisema. Alikuwa tayari amepanda nyuma na kufungua robota la kwanza. Sweta zilikuwa nyekundu. "Tuzitandaze hizi juu ya paa na kwenye chumvi. Mtu akitafuta, ataziona kutoka mbali."

"Sweta zangu hazitandikwi kwenye tope."

"Dada."

"Hizo ni za watu. Tena angalia, zimekwisha kurukiwa." Dada Chuma alishuka, akazama hadi vifundoni, akachukua dumu la maji ya kunywa, akalifungua. Kabla mdogo wake hajaruka chini, alikuwa amekwisha kumwagia maji sweta za juu na kuzisugua kwa vidole, kola kwa kola, kama mtu aliye bombani kwake nyumbani.

Plasta alimnyang'anya dumu. Kilichobaki kilijaza chupa moja tu. Alisimama ameikumbatia kifuani.

"Yalikuwa maji ya kunywa."

"Mimi sina kiu."

"Najua huna," Plasta alisema. "Najua kuliko unavyojua wewe."

Mchana ulipopamba moto pikapu ilikuwa imezama hadi milangoni. Plasta bado alitaka kubaki, kujikunja chini ya turubai na kungoja jua lishuke. Dada Chuma alimwangalia kama anavyomwangalia fundi anayeomba ruhusa. Hewa kwake ilikuwa ya kawaida. Milima ilikuwa pale, macho yanaiona. Tatizo lilikuwa nini? Aliliteremsha robota moja, lile safi, akalilaza juu ya gunia la plastiki lililofungwa kamba, na akamkabidhi mdogo wake kamba hiyo.

"Angalau hili lifike. Mimi nitaongoza njia."

Hayo ndiyo yalikuwa makosa makubwa, na si wao peke yao wanaoyafanya. Walimfuata yule ambaye haumii. Mwili wa mtu humwambia pumzika, rudi, ngoja kivuli. Mwili wa Dada Chuma haukuwa umemwambia lolote tangu azaliwe. Alitembea katikati ya jua la mchana bila kofia, kichwa juu, moja kwa moja, na ulipotokea mng'ao wa maji upande wa kulia akageuka kuufuata. Plasta alimwambia ni mazigazi. Akaambiwa afunge mdomo. Walipogundua hakuna maji, milima ilikuwa imehama upande mwingine.

Chupa waliifungua jua lilipoanza kulegea.

"Sawa kwa sawa," Dada Chuma alisema. "Mimi si mchoyo." Akanywa nusu yake. Hakuwa na kiu hata kidogo. Alikunywa kwa sababu nusu ilikuwa yake.

Plasta alikunywa yake kwa mafunda madogo. Ilikuwa kama kumwagia maji jiko la mkaa. Hakulalamika. Alifunga kifuniko taratibu, na hasira aliyokuwa nayo usoni ingetosha kuchemsha chupa.

Walilala bega kwa bega juu ya robota. Asubuhi Dada Chuma aliamka mzima, akajinyoosha, akaanza kutembea. Viatu vyake vya wazi vilikuwa vimekatika na akavitupa. Gamba la chumvi lilikuwa jembamba hapa. Lilivunjika kila hatua, na kingo zake zilikuwa kali kama vioo. Nyuma yake kamba ya gunia iliburuta, ikasita, ikaburuta, ikasimama.

Aligeuka. Mdogo wake alikuwa ameketi.

"Sasa nini?"

 Plasta alikuwa akivua kiatu. Kilikuwa kiatu kizima cha raba, kimefungwa kamba vizuri, na ndani yake soksi nene isiyo na tundu. Soksi ilikuwa imelowa damu hadi kwenye goti. Alipoiteremsha, muundi wote ulikuwa umechanwachanwa, mikato mipya juu ya mikato ya jana.

"Umejikata na nini?" Dada Chuma aliuliza kwa ukali. "Kiatu kizima. Soksi nzima. Umejikata na nini?"

"Angalia miguu yako."

Dada Chuma aliinama. Miguu yake mitupu, iliyovunja chumvi tangu jana, ilikuwa safi. Haikuwa na hata mkwaruzo.

Ni hapo mdogo wake alipomwambia. Alimwambia kwa sauti kavu, bila kupumzika, kama mtu anayesoma vipimo vya nguo: kizibao, mama, uzi, ulimi, pindo. Hakulia. Maji ya kulilia hayakuwepo.

"Unaumwa jua," Dada Chuma alisema. "Unaweweseka."

Plasta alichomoa sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye kola yake, pale fundi anapoiweka siku zote, akamrushia. "Jidunge."

Dada Chuma alijidunga kiganjani, kidogo. Bega la mdogo wake likaruka. Akajidunga tena, kwa nguvu zaidi. Tone la damu likatokea kwenye kiganja cha mdogo wake.

"Endelea," Plasta alisema. "Mkono bado una nafasi."

Kama kuna anayedhani kwamba hapo Dada Chuma alipiga magoti na kuomba msamaha, hamjui. Alikasirika. Alimfokea mdogo wake katikati ya ule weupe, peke yao kama mende wawili juu ya shuka. Kwa nini hakumwambia? Kwa nini amemgeuza mnyonyaji bila yeye kujua? Nani alimwomba mama afanye hivyo? Yeye hakuomba.

"Nilingoja uulize," Plasta alisema.

"Niulize nini?"

"Chochote. Mara moja tu. 'Mdogo wangu, mbona kila siku una kidonda?' Miaka yote tumekaa chumba kimoja, cherehani yangu na meza yako, na hukuuliza. Ulinipa jina." Alimeza mate ambayo hayakuwepo, na koo likalia kama mlango. "Siku uliyomzaa mwanao wa kwanza, unakumbuka? Uliwaambia wauguzi kwamba wanawake wanapenda kudeka, kwamba kuzaa si kitu. Mimi nilikuwa chini ya meza ya kukatia, nimeuma kitambaa ili wateja wasisikie. Mafundi walidhani nimekula kitu kibaya. Jioni ulipiga simu kuuliza kama oda ya magauni imekwisha."

Dada Chuma aliipapasa pamba ya kizibao chini ya shati. 

"Nikikivua?" aliuliza mwishowe.

"Mama alisema moyo wako hautastahimili. Ulizaliwa nao mbovu. Ndiyo maana sikuacha kulishona. Nilikuchukia na kulamba uzi, kila mwaka, hivyo hivyo."

"Basi tukifika tutazungumza," Dada Chuma alisema, na akalivuta shati lake vizuri juu ya kizibao. Ndiyo. Hata baada ya yote hayo. "Simama. Nipe kamba, nitavuta mimi."

Alidhani ametoa kitu.

Walitembea. Dada Chuma alivuta robota na kuchagua pa kukanyaga, kwa mara ya kwanza akichagua. Lakini jua halichagui. Kabla ya adhuhuri Plasta alianza kuzungumza na mama yao. Kisha akaacha kuzungumza. Kisha akakunja magoti na kujilaza kwenye chumvi kwa upande, kama mtu anayelala kwenye kochi lake, na hakuamka alipoitwa.

"Plasta. Amka."

Midomo ilikuwa imepasuka. Ulimi umevimba. Ngozi ya mkono, ukiibana, ilibaki imesimama. Dada Chuma alifungua chupa, akatikisa matone ya mwisho ndani ya mdomo ule, na akayaona yakipotea bila koo kusogea. Alijigusa midomo yake mwenyewe. Ilikuwa laini. Ilikuwa na unyevu. Alikuwa mnono na mwenye afya katikati ya jangwa, na pumzi za mdogo wake zilikuwa fupi kama mishono ya mashine.

Alitazama nyuma kuona kama kuna mtu, halafu mbele. Hakukuwa na mtu wa kuamrisha.

"Nisikilize," alisema. "Nisikilize, mdogo wangu. Sijui kufanya hivi." Akavua shati, akashika kizibao kwa mikono miwili, akakivuta kichwani.

Joto lilimpiga kama mlango wa tanuri uliofunguliwa. Alipiga yowe na kuanguka. Kiu ilimshika kooni, yake mwenyewe, kiu ya siku nzima ambayo hakuwahi kuionja, na chini ya magoti yake chumvi ilimkata kwa mara ya kwanza. Moyo ukapiga, ukasita, ukapiga. Alikaa ameshika kifua akingoja kufa. Ukapiga tena. Aliungoja usimame, nao haukusimama. Ulikuwa moyo wa kawaida tu, unaokimbia kwa woga. Pengine ulikuwa mbovu siku ile alipozaliwa na ukapona akiwa bado anatambaa, na hakuna aliyejaribu kujua, kwa sababu kujaribu kulikuwa na machungu.

"Mama," alisema akiwa ameuma meno, "ungejaribu. Ungejaribu hata siku moja."

Plasta hakusogea. Sasa alikuwa na kiu yake peke yake, lakini ilikuwa imechelewa, mwili ulikwisha kukauka. Kumwondolea mzigo wa mtu mwingine hakukutosha. Na Dada Chuma, mwenye karakana, ambaye hakuwa ameshika sindano tangu siku alipopata kiti chake mwenyewe, alielewa nini kinatosha.

Alimvika mdogo wake kizibao juu ya blauzi. Alilifumua pindo la zamani kwa meno, mshono kwa mshono. Alipasua robota na kuvuta uzi mwekundu kwenye ukingo wa sweta, ukafumuka wote mkononi mwake. Alikuwa na sindano. Ulikuwa umebaki ulimi.

Mdomo wake ulikuwa umekauka tayari. Alilamba uzi na haukulowa. Alijaribu tena. Nyuzi za sufu zilitawanyika kama ufagio na hazikutaka kuingia kwenye tundu. Akauma ulimi wake, kwa makusudi, kwa nguvu, hadi likamtoka yowe la maumivu na damu ya uvuguvugu ikajaa, na akaupitisha uzi katikati ya damu na mate. Ukaingia.

Alishona vibaya. Mishono ilikuwa mirefu na imepinda, fundi wake yeyote angefokewa kwa kazi kama ile. Kila alipodunga, vidole vilimuuma, na kila vilipouma alitukana. Alipofunga fundo la mwisho na kukata uzi, alipata muda wa kushusha pumzi moja.

Kisha ikamjia. Kiu ya pili ikapanda juu ya ya kwanza. Kichwa kikagawanyika. Mikato ya kwenye miundi ya mdogo wake ikafumba yenyewe, na kwenye miundi yake ikafunguka mmoja mmoja kama midomo. Alijua sasa Plasta alikuwa ametembea na nini tangu jana. Alikuwa ametembea nacho akivuta robota.

"Shetani," Dada Chuma alisema, akijisema mwenyewe, na akaanza kazi.

Alizimwaga sweta zote kutoka kwenye gunia. Alimburuta mdogo wake na kumlaza juu ya plastiki, akamfunika uso kwa sweta moja dhidi ya jua. Nyingine alizibeba mabegani, nzito, za moto, na alipoanza kuvuta, alidondosha moja kila alipohisi anataka kuanguka. Zile sweta ambazo hazikuruhusiwa kuguswa na tope zilibaki nyuma yake, nyekundu, zimetawanyika kwenye weupe kwa mstari uliopinda. Alizimiminia matusi kadiri alivyozitupa. Alimtukana mama yake, jua, mwalimu mkuu wa shule, na mwanamke mmoja aliyekuwa na kiti chake mwenyewe na hakuuliza swali.

Alipoishiwa sweta alivua sketi akaidondosha pia. Alipoishiwa sauti aliendelea kuvuta. Alianguka kwa magoti na akavuta kwa magoti. Alikuwa bado ameshika kamba, amelala kifudifudi, aliposikia injini.

Lilikuwa trekta la watu wanaochimba chumvi pembezoni mwa uwanda, lenye matairi mapana na mbao zilizofungwa ubavuni. Aliyeshuka ni dereva wao. Alikuwa amekumbatia rundo la sweta nyekundu, kwa sababu hakuwa mtu wa kupita kitu kizuri chini asikiokote.

"Sikuja kwa ajili yako, Bosi," alisema akipiga magoti. "Tuelewane mapema. Nimekuja kwa ajili yake, na gari. Nilikimbia nyuma yenu mpaka viatu vikanitoka. Nilikuwa nasema, 'Si huko, si huko.'"

"Nilidhani unaomba lifti," Dada Chuma alinong'ona. Maneno yalitoka na damu.

"Lifti? Gari ninaloliendesha kila siku, niliombe lifti?" Alimgeuza kwa chuki, akaona miguu yake. Akamwekea chupa mdomoni.

Dada Chuma aliisukuma. "Yeye kwanza."

"Wewe ndiye unayekufa."

"Yeye kwanza."

Dereva aliifunua ile sweta. Chini yake Plasta alikuwa akipepesa macho. Uso ulikuwa umerudiwa na rangi. Aliketi polepole, akamwangalia dereva, akaiangalia chupa iliyonyooshwa mbele yake.

"Mimi sina kiu," alisema.

Alilisikia neno lenyewe likitoka mdomoni mwake. Mkono wake ukashuka kwenye kiuno, ukakuta pamba laini, ukapapasa hadi kwenye pindo. Aliinama akaona uzi mwekundu, mishono mirefu iliyopinda. Kisha akamwona dada yake chini, nusu uchi, miundi imechanika, mdomo umejaa damu, na kamba ya gunia imezungushwa kwenye kifundo cha mkono mara mbili.

"Nani alikuambia unishonee?" Plasta alisema.

Dada Chuma alisogeza vidole tu juu ya chumvi.

"Nani alikuambia? Unadhani sasa zamu imebadilika? Unibebee mimi, halafu nikae nikuangalie? Niwe kama wewe?" Alikuwa anapiga kelele. Dereva alirudi nyuma hatua moja. "Sitaki. Sitaki kubeba na sitaki kubebwa. Imetosha. Imetosha, dada." Aliingiza meno kwenye fundo la pindo na kulikata, akachomoa uzi kwa nguvu, wote, kwa mkono mmoja, ukatoka kama utumbo. Kisha akakivua kizibao na kukirusha kwenye chumvi.

Kiu yake ilimrudia, akakunja uso na kushika koo. Mikato haikumrudia. Tangu mwanzo ilikuwa ya Dada Chuma, na ilijua kwao.

"Sasa," Plasta alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Sasa lete maji."

Walikunywa kwa kifuniko cha chupa, mmoja kisha mwenzake, kifuniko kwa kifuniko, wakitazamana kwa macho mekundu kama majirani waliogombana. Dereva aliwashikia chupa.

Shule ilinunua sweta kwingine. Pikapu ilitolewa kwa mbao na minyororo, ikanuka tope hadi ilipouzwa. Dada Chuma alirudi karakana na mikongojo, na siku ya kwanza tu alijigonga nyonga kwenye kona ya meza ya kukatia, akaketi sakafuni na kulia kwa sauti. Mafundi walisimamisha mashine zote. Hakuna aliyejua la kufanya. Mtu mmoja alicheka, akaacha.

Plasta hakumwinua. Hakuwa amemsamehe na hakujifanya. Alihamisha cherehani yake upande wa dirishani, mbali na meza ya mkubwa, akaendelea na kazi yake. Ilikuwa ajabu kumwona hana bandeji. Alinenepa kidogo. Alianza kuimba, vibaya.

Asubuhi moja sindano ya mashine ilikatika, na kipande chake kikamchoma kidole. Halikuwa jambo kubwa, ajali ya fundi yeyote. Alinyonya kidole na kutafuta sindano nyingine kwenye droo. Aliposikia mkongojo ukigonga sakafu hakugeuka. Ulikuja taratibu, kwa sababu miundi bado ilimuuma mwenye nayo, ukapita meza ya kukatia, ukapita pasi, ukapita fundi wa vifungo, na ukasimama karibu na dirisha.

"Mdogo wangu," Dada Chuma alisema. "Umeumia wapi?"

Plasta alisukuma droo ikafungika. Mashine zote zilikuwa zimenyamaza.

"Umechelewa," alisema. Lakini alinyoosha kidole kilichoumia.